Shule Inayoitwa Kwingine

Walipokuwa wakiingia getini, Léonie alichungulia mkoba wa Eugénie, mke wa marehemu kaka yake, akaliona kopo la poda.

"Weye, poda ya nini? Unaenda kumumwagia nani?"

"Bénita."

"Bénita huyu wetu? Eugénie, batu batakucheka."

"Bacheke. Meno ni yao."

Mtoto aliyefaulu, hapa Goma, harudi nyumbani msafi. Matokeo yakishasomwa uwanjani, mama na shangazi humrukia na kummwagia poda mpaka kope ziwe nyeupe, na akipita njiani mtaa mzima unajua. Kopo lile alilinunua Rémy, mume wa Eugénie, binti yao Bénita alipoanza shule. Kila mwaka alikwenda nalo uwanjani, kila mwaka alirudi nalo halijafunguliwa, akalipandisha juu ya kabati na kusema, "Ingoje. Haiozi." Januari akazikwa yeye, kopo likabaki pale juu.

Bénita hakuwa mjinga. Ukimsomea hadithi mara moja, anakusimulia yote, na hesabu za sokoni huzimaliza kichwani kabla mama yake hajafungua mdomo. Lakini herufi hazikutulia mbele yake. "Goma" aliandika "Gamo", na b iligeuka d. Rémy alimwelewa, maana naye ndivyo alivyokuwa, na huko Masisi alikokulia fimbo za walimu zilimtoa shuleni angali mdogo. Mwalimu wa kituo kimoja cha mtaa wa Himbi, anayefundisha watoto wa namna hii, alimwambia Eugénie kwamba mtoto haumwi wala si mvivu: asomewe maswali ya mtihani kwa sauti, aongezewe muda. Eugénie aliyapeleka maneno hayo kwa mkuu wa shule.

"Mama, hapa si hospitali," alijibiwa.

Sasa mkuu huyohuyo alisimama kwenye ngazi, akisoma majina. Waliofaulu. Wanaorudia darasa. Kisha akakohoa.

"Bénita, mtoto wa Rémy. Aende kwingine."

Ndivyo wanavyomwandika mtoto ambaye shule haimtaki tena. Bénita alishika kitenge cha mama yake. Mbele yao watu walicheka.

Eugénie akasimama. Tangu msiba hakuwa amesema kitu mbele za watu zaidi ya salamu.

"Direkteri, kwingine ni wapi?"

"Mama, kaa chini."

"Ninauliza njia tu. Hiyo shule inayoitwa Kwingine iko kartie gani, mtaa gani? Nipande pikipiki ya Himbi ao ya Mugunga?"

Kicheko kikazuka tena, lakini safari hii hakikumwelekea yeye. Mkuu alijifuta paji la uso.

"Kwingine ni kwingine, mama. Hatuwezi kufundisha mutoto asiyejua kusoma."

"Ule anayejua kusoma anakuja hapa kufanya nini?"

Nyuma, baba mmoja muuza makaa akapaza sauti. "Hata wangu mulimuandika kwingine mwaka jana! Mpaka leo iko nyumbani."

"Na wangu," alisema Mama Farida, mwenye duka la vitambaa karibu na shule. "Tunatafuta hiyo shule, hatuioni."

Eugénie hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa mkuu.

"Mwezi wa tisa, shule ikifunguliwa, nitakuja naye hapahapa. Mukimufungia mulango, atakaa mulangoni, na mimi pembeni yake na kiti changu. Kila kitu mutakachoandika ubaoni nitamusomea kwa sauti, klasi yote inisikie."

"Tutaona," alisema mkuu.

"Utatuona."

Akatoa kopo. Kifuniko kiligoma, akakiuma kwa meno kikatoka. Poda ilikuwa imegandamana kwa kukaa, ikabidi aivunje kwa kidole. Harufu yake ilikuwa ileile, kama siku Rémy alipoileta. Akammwagia Bénita kichwani.

"Unamupongeza nini? Ameanguka!" mtu alipiga kelele.

"Mwaka muzima ameingia getini akijua mutamucheka, na kesho yake amerudi. Weye ungeweza?"

Léonie, aliyekuwa ameinamisha uso muda wote huo, alinyoosha kiganja.

"Leta na mimi. Ni mutoto wa kaka yangu."

Akampaka mashavuni, taratibu, huku machozi yakimtiririka na yeye hayafuti.

Walipotoka barabarani, madereva wa pikipiki waliona mtoto mweupe kutoka kichwani hadi viatuni, wakapiga honi kama wanavyowapigia wote waliofaulu. Hakuna aliyeuliza matokeo. Nyuma yao muuza makaa na Mama Farida walikuwa wakipatana wakutane wapi siku ya kuandikisha watoto.

"Mama," Bénita aliuliza, akilamba poda mdomoni, "kwingine tunaenda lini?"

"Hatuendi."

Poda kidogo ilikuwa imebaki. Eugénie akalifunga kopo, akalikaza vizuri, kwa ajili ya mwaka ujao.