Wapangaji wa Tarehe Kumi na Tatu

Baba yangu anaamini kwamba tarehe ni nyumba ya kupanga. Wapangaji hawachaguani. Mmoja anaingia na msiba wake, mwingine na harusi, wa tatu na treni ya kwanza kufika mjini, na wote wanaishi chini ya paa moja mwaka nenda mwaka rudi, hata hawajuani majina. Kazi yake yeye, alikuwa akisema, ni kubisha hodi asubuhi na kuuliza nani yumo.

Alibisha hodi hizo kwa miaka mingi kwenye redio ya mji wetu, muda mfupi kabla ya taarifa ya habari. Kipindi kiliitwa "Siku Kama ya Leo", na kilikuwa kifupi hivi kwamba ukipiga mswaki kwa bidii kinakupita. Koo lake lilipogoma, daktari akamkataza kufanya lolote zaidi ya kunong'ona, na kiti chake nikakikalia mimi. Nikarithi kikombe chenye ufa na kasha la kadi, kila tarehe na kadi yake, zimeandikwa kwa ule mwandiko wake uliolala ubavu.

Mimi si Baba. Nimesomea utangazaji, na pale chuoni tulikatazwa kutamka jambo tusilolithibitisha. Kwa hiyo jioni moja mvua iliponibana chini ya nguzo ya daraja, nikakosa la kufanya, nikasoma kile kibao cha chuma ambacho mji mzima hukitumia kuegeshea baiskeli, damu ilinichemka. Kibao kilisema daraja lilifunguliwa tarehe kumi na tatu mwezi wa tatu. Kadi ya Baba ilisema kumi na nne.

Tarehe kumi na tatu ilipofika, nikavuta kipaza sauti karibu.

"Wasikilizaji wapendwa, siku kama ya leo daraja letu lilifunguliwa rasmi. Najua mmezoea kusikia habari hii kesho. Miaka yote tulikosea. Leo tunasahihisha."

Nikatoka studio nimetanguliza kifua. Chai yangu haijapoa, Fundi akaingia.

Fundi ni fundi viatu. Kibanda chake kinatazamana na lango letu, na redio yake inaning'inia kwenye msumari katikati ya kamba za viatu. Hajawahi kuvuka lango lile bila utani mdomoni. Siku hiyo hakuwa na utani. Alikuwa na kiatu kimoja cha kike, cha ngozi ya rangi ya kahawia iliyokolea, kizuri mpaka unataka kukipapasa, ila hakina soli.

"Shikamoo, Fundi."

"Shikamoo ya nini? Umeniua, halafu unaniamkia?"

"Nimekuua na nini tena, Fundi wangu?"

"Na daraja." Akaketi bila kukaribishwa. "Mimi nilioa siku ya daraja. Unanielewa, binti? Sikuoa tarehe, nilioa siku. Mji mzima bendera, matarumbeta barabarani, nikawaambia wageni wangu kwamba yote hayo nimeyakodi mimi. Baadhi yao mpaka leo wanaamini."

"Na tarehe yenyewe hukuiandika popote?"

"Si iko kwenye cheti! Na cheti anakitunza yeye. Nitamwombaje? 'Mke wangu, hebu nione nilikuoa lini'? Mwaka ule wa kwanza nilikuwa kibandani nahangaika, najua siku zenyewe ndizo hizi lakini siijui ni ipi, mara nikamsikia baba yako: siku kama ya leo, daraja letu. Nikasema asante Mungu. Baba yako akisema kumi na nne, ni kumi na nne. Tangu hapo, nikilisikia tu hilo daraja, naweka nyundo chini, nafunga kibanda, naenda nyumbani na viatu vya mke wangu. Jozi moja kila mwaka, nimeikata mwenyewe, nimeishona mwenyewe. Ya mwaka huu nilikuwa niimalize leo." Akakigeuza kiatu kile kisicho na soli. "Tazama."

Nikajaribu kumpoza. "Lakini ni siku moja tu, Fundi."

"Siku moja kila mwaka! Kila kumi na tatu naamka, nakunywa chai, nampita mke wangu kama nampita nguzo ya umeme. Kesho yake naingia nimechanua meno. Kama hajui, basi tumedanganywa wote wawili na redio yenu. Na kama anajua..." Akashusha sauti. "Sema kile kibao kimekosea."

"Siwezi, Fundi. Kibao hakijakosea."

"Basi nenda wewe ukamuulize. Wewe ndiye uliyeyafukua."

"Nimuulize nini?"

"Kama alijua. Na kama alijua, muulize vile viatu alikuwa anavivaa kwa moyo gani." Akainuka. "Mimi nyumbani siendi mpaka urudi."

Nikamwona kupitia dirishani akivuka barabara, akaingia kibandani, akaketi akashika tama. Nyundo yake haikulia tena. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeizoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Njia ya kwenda kwao inapita kwetu. Baba alikuwa barazani, redio pembeni, na nilipomkaribia niliona mabega yakitikisika. Tangu koo limgomee ndivyo anavyocheka, kwa mabega.

"Nimekusikia," akanong'ona. "Eti tulikosea."

"Hukukosea?"

"Sikukosea. Nililihamisha."

Nikadhani sikumsikia vizuri. Akanivuta nikae.

"Kumi na tatu ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Mna moto ulioteketeza soko. Mna treni ya kwanza. Juu yake linakuja daraja. Na kumi na nne, hapo jirani, yumo bwana mmoja tu aliyefungua duka la miwani akafilisika. Vyumba vitupu! Nikaliambia daraja, sogea kidogo hapo, kuna nafasi."

"Baba! Hii ni historia, si magunia!"

"Nilikuwa na muda wa jambo moja, mwanangu. Nisome watu walivyopoteza maduka yao, wengine wakapoteza na ndugu, halafu papo hapo nipulize tarumbeta la daraja? Daraja lingenuka moshi. Nikawaachia wale wa soko siku yao."

Nilikuwa na la kumjibu, tena refu. Lakini niliwakumbuka kina mama wa sokoni ambao kila kumi na tatu hufungua maduka yao kwa kuchelewa, na lile jibu likaniishia njiani. Badala yake nikamsimulia habari za Fundi. Mabega yakatulia.

"Viatu?" akanong'ona. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Nenda upesi," akasema. "Usimwache yule mtu anakaa hivyo."

Mkewe Fundi anajulikana kwa jina la Mama Cherehani. Anashona sebuleni kwake, na ukipita asubuhi yoyote utaisikia mashine ikikimbia na yeye akimgombeza mteja juu ya mlio wake. Siku hiyo pazia lilikuwa limeshushwa, mlango umefungwa, kimya. Nikabisha hodi.

"Hakuna kazi leo!" sauti ikatoka ndani. "Kama nguo haijaisha, haijaisha! Ukalale!"

"Mama, ni mimi. Wa redioni."

Kitasa kikalia. Nilitegemea kuona macho yaliyolia. Nikakutana na mwanamke aliyefumua nywele, kanzu ya kulalia mchana kweupe, nyayo zikidondosha maji sakafuni. Akarudi kwenye kiti chake, akatumbukiza miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akashusha pumzi. Kwenye kigoda palikuwa na bakuli la karanga na chupa ya chai. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka kama mgonjwa. Na ukutani, kutoka kona hadi kona, palikuwa na rafu, na kwenye rafu viatu: vya kamba, vya kisigino, vya wazi, vyote vimepigwa rangi, vyote vya miguu ile ile midogo.

"Kaa," akasema. "Karanga hizo. Nimekusikia asubuhi, nikajua leo sipumziki. Amefika kwako?"

"Yupo kibandani. Anaogopa kuja."

"Ana kiatu mkononi?"

"Kimoja. Hakina soli."

Akacheka mpaka maji yakaruka kutoka kwenye beseni. "Masikini mume wangu!"

"Mama, kumbe ulijua?"

"Mimi niliolewa, mwanangu. Bibi harusi anasahau siku yake? Mwaka wa kwanza nilimsubiri kutwa. Nilivaa, nikajipaka mafuta, nikapika mpaka sufuria zikaisha. Bwana akarudi jioni, akala, akasema 'chakula kitamu leo', akalala! Nilikesha nikifungasha nguo zangu. Nikasema kesho akitoka tu, narudi kwetu. Kesho yake furushi liko mlangoni, mara namwona huyo, anarudi asubuhi, anakimbia. Amekumbatia kifurushi kama mtoto mchanga. 'Mke wangu, leo ni siku yetu!' Uso wake ungeuona! Nikafungua kinywa nimwambie. Nikavaa kwanza kiatu, niseme nikiwa nimesimama vizuri." Akautoa mguu majini, akautazama. "Kikanikaa. Mimi mguu huu wa kushoto una kinundu, tangu utotoni kila kiatu kinanibana. Kile hakikunibana. Alikuwa amekipima lini, sijui, labda nimelala. Nikafunga kinywa."

"Na furushi?"

"Aliliona, akauliza ni nguo za nani. Nikasema za mteja."

Tukacheka wote. Kisha akasema, "Mwaka wa pili nilimsubiri tena kidogo. Wa tatu nikaona, huyu kumi na tatu haitaki, basi niichukue mimi. Tangu hapo ni yangu. Sishoni, simpikii mtu, naloweka miguu niiandae kwa kiatu cha kesho. Najikumbusha mwenyewe jinsi nilivyokuwa mzuri siku ile. Kesho ni yake, ananikumbusha yeye. Nani mwenzangu ana siku mbili za harusi kila mwaka? Halafu unakuja wewe na kibao chako."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. "Mama, kumi na nne si kweli. Na siwezi kusema uongo redioni."

"Nani kakwambia useme uongo? Kaa, usinitie haraka. Kumi na tatu walivuka nani? Magari ya wakubwa. Sisi tulipofika na harusi yetu, polisi akatusimamisha, akasema wananchi kesho. Nikalia, nimevaa gauni jeupe, nataka kuvuka. Kesho yake alfajiri mume wangu akaniamsha, twende. Watu walikuwa wengi pale, wote kwa miguu, wanacheka kama wamepewa mto. Katikati ya daraja kisigino changu kikakatika. Yeye alikuwa kibarua wa kubeba matofali wakati huo, hajui lolote la viatu. Akakaa chini pale pale, watu wanatupita, akakigonga kwa jiwe na msumari alioutoa sijui wapi. Kibaya! Lakini kilinifikisha ng'ambo. Siku hiyo ndiyo alipoanza ufundi." Akafuta macho kwa pindo la kanzu. "Hilo sema. Jina langu usitaje."

"Na Fundi nikamwambie nini? Ameuliza kama ulijua."

"Mwambie nimesema kesho."

"Kesho tu?"

"Tumeishi pamoja siku nyingi. Atajaza mwenyewe."

Nilimkuta Fundi pale pale, kiatu magotini. Alisimama aliponiona, akagonga kichwa kwenye paa la kibanda, hata hakulalamika.

"Alijua?"

"Amesema kesho."

"Kesho nini?"

"Kesho, basi. Yuko na beseni, analoweka miguu."

Midomo yake ilisogea, kama anayesoma maandishi madogo. "Kila mwaka siku hiyo namkuta na maji ya moto," akasema polepole. "Nikimuuliza, anasema amechoka." Akaketi. "Miaka yote."

"Miaka yote, Fundi."

"Na akavivaa."

"Kwenye rafu vinang'aa vyote."

Akaangalia pembeni, akasafisha koo, akaokota kopo la gundi. "Toka hapo mlangoni, binti, unanizibia mwanga. Gundi hii inataka usiku mzima kukauka."

Nikarudi zangu. Nyuma yangu nyundo ikaanza kulia.

Asubuhi ya kumi na nne niliitoa kadi ya Baba. Sikuichana. Chini ya mwandiko wake niliongeza mstari kwa kalamu yangu, kisha nikavuta kipaza sauti.

"Siku kama ya leo, wasikilizaji, baada ya magari ya wakubwa kupita jana yake, watu wa mji huu waliruhusiwa kulivuka daraja lao kwa miguu. Mwanamke mmoja alikatikiwa na kisigino katikati. Alikuwa na mtu wa kukirekebisha, akafika ng'ambo. Siku hii pia yumo bwana mmoja aliyefungua duka la miwani. Naye tunamkumbuka."

Nilipoinua macho, kupitia kioo nilimwona Fundi ameshaweka nyundo chini. Alifunga kibanda, akakumbatia kifurushi chake, akaondoka mbio mbio kuelekea nyumbani. Kwa haraka ile alisahau kuzima redio. Ikabaki mle ndani inawasomea viatu vya wateja taarifa ya habari.