Chumba cha Viti

Wazo la kununua viti lilikuwa la Fundi mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha kulitoa. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye alijaribu sana kulisahau, na kumbukumbu haina adabu ya kungoja ialikwe.

Alikuwa na chumba cha kushonea mbele ya nyumba, cherehani mbili, moja ya kukanyaga na nyingine iliyokuwa ikisubiri mkanda tangu mwaka juzi, na binti mmoja ambaye miguu yake haikuwahi kukubali kumbeba. Binti huyo watu wote walimwita Bibi, walimu nao wakiwemo, kwa kuwa alianza kusema mapema na tangu mwanzo alisema kama mtu aliyekwisha kuzika rika lake zima. Fundi, mama yake, alikuwa akimsukuma katika kiti cha magurudumu hadi shuleni kila asubuhi, na hapo hapakuwa na tatizo, maana darasa la kwanza hadi la nne yalikuwa chini. La tano hadi la saba yalikuwa ghorofani, juu ya ngazi ishirini na mbili. Aliyelichora jengo lile hakuwa na ubaya na mtu. Hakumfikiria tu mtu asiyepanda ngazi, jambo ambalo huzaa matunda yale yale.

Bibi alipokuwa darasa la kwanza, Umoja wa Wazazi uliazimia kumjengea mteremko wa kupandia ghorofani. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Pacha, mwanamke mwenye saluni, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti na moyo ambao hakuna aliyewahi kuutilia shaka. Ikaandaliwa hafla ya kwanza, ya chakula na muziki. Watu walikula, wakacheza, wakaahidi. Na hesabu ilipofanywa ikaonekana kwamba waliofaidi zaidi ni wakodishaji wa viti na mahema. Ndipo Fundi, ambaye hakuwa na mazoea ya kusimama kikaoni, akasimama.

"Tunawatajirisha wenye viti," alisema. "Tununue vyetu."

Akapigiwa makofi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na makofi, kama pombe, humdanganya zaidi asiyeyazoea.

Vikanunuliwa viti. Vilikuwa vya plastiki, vibaya vya sura, hivyo Fundi akajitolea kuvivalisha: gauni jeupe kwa kila kiti, na utepe mgongoni. Bibi alivitazama akatamka kwamba viti vya shule sasa vinavaa vizuri kuliko walimu. Baada ya viti yakaja mahema, baada ya mahema masufuria, baada ya masufuria spika mbili zenye kimo cha mtu. Vyote viliwekwa katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, ambacho kilikuwa kitupu mwaka ule kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache.

Zikafuata hafla nyingine: jioni ya muziki, mashindano ya mapishi, matembezi ya hisani, na siku ya michezo ya wazazi, ambapo baba mmoja muuza vipuri alivunjika mkono katika mbio za magunia na tangu hapo akahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa mteremko. Kila hafla ilikuwa bora kuliko iliyotangulia. Kila moja iliacha kitu kidogo cha mteremko na kitu kikubwa zaidi cha kuandalia hafla ijayo, kwa kuwa Umoja ulikuwa na kanuni moja ambayo Mama Pacha aliirudia kila kikao: "Jamani, mbegu hailiwi." Haba na haba, walisema, hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya kweli kabisa, ila haikutaja kibaba ni cha nani.

Kwenye kila tiketi palikuwa na picha ya Bibi, iliyopigwa akiwa na miaka saba, akicheka bila meno mawili ya mbele.

"Mama," Bibi alisema siku moja akiigeuza tiketi, "huyu wa kwenye picha watamjengea. Mimi nimeshaota meno."

Alikuwa na miaka kumi. Muhula wa mwisho wa darasa la nne ulikuwa ukielekea ukingoni.

Mwalimu Mkuu alimwita Fundi ofisini, akamkaribisha kiti, akaifunga kalamu yake na kuifungua mara mbili.

"Mama Bibi, najua ulikuwa umepanga kumbeba mgongoni."

"Ngazi ishirini na mbili, Mwalimu. Nimebeba mizigo mizito zaidi."

"Bodi imekataza. Mtoto kubebwa ngazini, akianguka, tutajibu nini?" Alitazama dirishani. "Mteremko ukiwa tayari siku ya kufungua, nafasi yake ipo. Usipokuwa tayari, nitalazimika kumwandikia uhamisho. Iko shule ya bweni ya watoto wenye hali kama yake. Ni nzuri, wanasema."

"Iko wapi?"

Akamtajia. Ilikuwa safari ya siku nzima na nusu kwa basi. Fundi, aliyekuwa akimwosha na kumvika bintiye kila asubuhi kwa miaka kumi, alishukuru, akatoka. Kufungua kulikuwa baada ya wiki saba.

Jioni hiyo hiyo alimwita mdogo wake, ambaye alikuwa mwashi, apime. Mwashi alikuja na futi kamba yake, akapima ukuta, akapima uwanja, akakuna kidevu.

"Dada, hiyo sakafu ya juu iko mita tatu na nusu. Kiti cha magurudumu, kila mita moja ya kupanda kinataka mita kumi na mbili za kwenda. Ukipunguza, si mteremko tena, ni bembea."

"Sema jumla."

"Arobaini na mbili. Uwanja wenu una thelathini. Huo mteremko utavuka ukuta uishie jikoni kwa jirani."

"Si unaweza kukunjwa?"

"Unakunjwa. Kila kitu kinakunjwa, kasoro bei." Akamtajia bei. Fundi akakaa juu ya ngazi ya kwanza. Kwa mwendo wa Umoja, ilikuwa kazi ya hafla kumi na tisa.

Mwashi akawa anazungukazunguka, kama wafanyavyo watu waliotoa habari mbaya na hawajui waweke wapi mikono. Akafika chumba cha mwisho.

"Humu mna nini?"

Fundi alikuwa na ufunguo. Viti mia tatu vilikuwa vimepandana hadi darini, magauni yao yakiwa yamekunjwa ndani ya magunia. Mahema yalilala kama maiti zilizoviringishwa mkekani. Mwashi alijipenyeza kati ya spika na ukuta, akasogeza rundo moja, akapangusa kwa kiganja.

"Hili darasa, dada."

"Ni stoo hiyo."

"Mimi ni mwashi. Stoo haina ubao." Na kweli, ubao ulikuwapo, na juu yake tarehe ya zamani kwa chaki. "Leteni darasa la tano humu, viti vipande juu. Viti havina shida ya miguu."

Fundi aliendelea kuitazama ile tarehe. Miaka mitatu alikuwa akishona sare za kitu kilichokuwa kimekalia nafasi ya mwanawe, na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Mwalimu Mkuu hakupinga. Chumba ni cha shule, alisema, lakini vitu ni vya Umoja; Umoja ukikubali kuviondoa, darasa la tano litashuka siku hiyo hiyo. Nao Umoja hukata mashauri yake katika hafla tu, sahani zikishaondolewa, kwa kunyoosha mikono, kwa imani kwamba mtu aliyeshiba huwa mkarimu. Fundi akangoja hafla ya kufunga mwaka. Siku hiyo viti vyote mia tatu vilikuwa uwanjani ndani ya magauni yao, na chumba cha mwisho kilikuwa kitupu, mlango wazi, ubao ukionekana kutoka mezani.

Alisimama, akaeleza. Hakulia wala hakupamba. Alisema mita arobaini na mbili, alisema chumba kile pale, alisema wiki tatu.

Kisha muuza vipuri, yule wa magunia, akainuka.

"Sipingi, dada yangu. Nauliza tu. Viti mia tatu, ngazi ishirini na mbili, kila hafla kupanda na kushuka. Migongo ya nani hiyo?"

"Wangu ulikuwepo," Fundi alisema. "Bodi imeukataa."

Watu walicheka kwa upole, wakidhani ni utani.

"Tuviweke nje, basi," mmoja alisema.

"Vinyeshewe? Mali ya Umoja?"

Ndipo Mama Pacha akasimama, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Wenzangu. Miaka mitatu tumempigania mtoto huyu apande juu kama wenzake. Leo, kwa kuchoka sisi, tumwambie abaki chini? Asomee stoo, kwenye harufu ya masufuria? Huyu ni mtoto wetu. Hapana. Yeye atapanda."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya viti. Mikono ikanyooshwa. Waliotaka chumba kirudi kuwa darasa walikuwa sita. Waliotaka Bibi apande walikuwa uwanja mzima, na kati yao Fundi aliwaona majirani, wateja, na mama mmoja aliyelala kwake siku tatu akimuuguza Bibi homa. Walimtazama kwa upendo huku mikono ikiwa juu.

"Wengi wape," alisema muuza vipuri, akaketi.

Bibi, kwenye meza ya mbele, aliinama sikioni mwa mama yake. "Usiwachukie. Wameshiba."

Baadaye Mama Pacha alimkumbatia Fundi akamshika mabega. "Usife moyo, mama. Tuko karibu. Muhula ujao tunafanya kubwa, ya kihistoria. Ila meza zile zinatutia aibu. Vitambaa vya kijani, vyenye pindo. Utatusaidia?"

Fundi alifikiri maneno mengi, na yote yalikuwa ya haki. Lakini alikuwa mtu aliyepimwa siku nzima na kuonekana mfupi, na mtu wa namna hiyo hushika kile mkono wake unachokijua.

"Vingapi?" aliuliza.

"Thelathini."

Siku ya kufungua shule, Bibi alitaka avae sare, akavishwa. Barua ya uhamisho ilikuwa chini ya mkasi, juu ya meza ya kukatia. Fundi hakuijibu wala hakuichana. Alikuwa amesema atamweka nyumbani muhula mmoja, aone. Nje watoto walipita wakikimbizana, wakapungua, wakaisha, kisha kengele ikasikika kwa mbali.

Cherehani ikaanza kukanyagwa. Bibi alisogezwa karibu, akapewa kazi ambayo haihitaji miguu: kukata nyuzi zilizobaki kwenye pindo.

"Hivi ni vya hafla gani?" aliuliza.

"Ya mteremko."

Bibi alikipeleka kitambaa kwenye mwanga, akakagua pindo kwa jicho moja, kama mzee anayenunua kitu asichokihitaji.

"Pindo limeenda upande."

"Sitafumua."

"Haya." Akakata uzi, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani, akanyoosha mkono apewe kingine.