Duka la Ng'ambo ya Barabara

Maduka saba ya miwani ya familia ile yalitokana na kiburi cha mtu mmoja. Fundi alipima macho ya mtaa mzima, lakini mwenyewe hakutaka kuvaa miwani. Ya mbali aliyaona vizuri; ya karibu ndiyo yaliyomshinda. Siku ya kukodi duka la pili, aliusogeza mkataba mbali na uso mpaka mkono ukaisha, akasoma namba 71, duka lililo jirani na kituo cha mabasi. Ilikuwa 11. Alipokwenda kufungua, akajikuta mbele ya mlango unaotazamana na duka lake mwenyewe.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampokonya funguo.

"Hili langu. Tuone nani atakimbiwa na wateja."

Watu wakadhani ni mahasimu. Mteja akiulizia bei huku, anavuka kwenda kulinganisha kule, asijue kwamba wenye maduka wanalala kitanda kimoja. Fundi naye akazua mtindo wake. Ukishavaa miwani mpya, anakutoa hadi mlangoni.

"Yule mama dirishani anafanya nini?"

"Anakutolea ulimi, mzee."

"Basi, imekukaa."

Asiyeuona ulimi alirudishwa kitini. Maduka matano yaliyofuata, aliyoyafungua mwanawe, yalikuwa na mashine mpya na viyoyozi, ila hayakuwa na mama dirishani.

Fundi alipofariki, duka lake lilifungwa. Mjane alishinda akitazama mlango ule, hana wa kumfanyia vituko. Hakutaka duka lirudishwe kwa mwenye nyumba, wala hakutaka kuona mtu mwingine amesimama pale.

Mwanawe, ambaye hata nyumbani walimwita Meneja, alikuja na mdogo wake wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu kupima macho.

"Mama, la kule nalirudisha mwisho wa mwezi."

"Nipe mimi, kaka," binti akasema.

"Ukalie kiti cha baba yako, mimi nikutazame kutwa? Hapana."

Meneja akashika kiuno. "Kulifunga hutaki, kulifungua hutaki. Tulifanyeje, mama, tulianike?"

Mama alibana midomo asicheke. Kabla hajajibu, aliingia dereva wa teksi. Miwani yake ilikuwa ng'ambo, kwenye duka lililofungwa. Fundi aliimaliza kabla ya kuugua, naye dereva hakuwahi kuifuata.

"Muda wote huo unaendeshaje?" mama akauliza.

"Polepole."

Meneja alichungulia nje haraka kuona gari lake limeegeshwa wapi.

Miwani ya mtu haiwezi kukaa kifungoni. Mama alichukua funguo, akavuka na dereva, akafungua. Vumbi lilikuwa jembamba, na mto wa kiti cha Fundi ulikuwa bado umebonyea. Akaipata miwani kwenye droo, akamvalisha dereva, akakunja kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio.

Dereva, mteja wa siku nyingi, akaenda mlangoni bila kuambiwa. "Haya, nitazame nini?"

Mama akamfuata. Miaka yote hakuwahi kusimama pale kutazama kwake. Dirisha lake lilionekana lote, mpaka kikombe chake cha chai pembeni. Kumbe mumewe alikuwa anamwona hata anaposinzia, na hakusema.

"Wewe!" akamwita bintiye. "Kaa dirishani! Fanya kituko!"

Binti alibabaika, kisha akavimbisha mashavu.

"Unaona nini?"

"Binti amevimbisha mashavu. Sasa anacheka." Dereva akakaza macho. "Mbona kama analia?"

"Miwani imekukaa," mama akasema.

Meneja alikuwa katikati ya barabara, amechanganyikiwa, magari yakimpigia honi.

"Kwa hiyo mama, nirudishe lipi?"

"Rudisha miguu yako pembeni usigongwe. Halafu niletee kikombe changu, dirisha lile sasa ni la dada yako."

Akaingia ndani, akakung'uta vumbi kwenye kiti, akakaa.