Mbegu za Mtindi kutoka kwa Kemisat

Mzee wangu alirudi kutoka hospitali ya mjini akiwa na mapafu mazima na tumbo lililoharibika. Wiki tatu walimdunga sindano za homa ya mapafu, na siwalaumu, maana alikwenda kule anakoroma kama msumeno na midomo imeingia buluu, akarudi anapumua. Lakini tumbo halikushika tena kitu. Akila vijiko viwili vya uji wa mahindi, anakimbilia nje. Mtu aliyekuwa akishuka mlimani na kondoo mabegani, sasa mkanda wake nilikuwa nimeutoboa matundu mapya matatu kwa msumari, na la tatu nalo lilikuwa limelegea.

Jina lake sitaliandika. Kwetu mke hataji jina la mumewe, nami sijalitaja tangu niolewe.

Mkamwana wangu Zuriyat ni muuguzi wa zahanati ya kijiji. Yeye naye ana mwiko wake: hasemi na baba mkwe mpaka baba mkwe atoe zawadi ya kumfungua kinywa. Mwaka wa tatu zawadi haijatoka, kwa sababu mzee alisema anapenda nyumba yenye utulivu. Basi Zuriyat akitaka kumwambia neno hunipitishia mimi, hata kama wamekaa hatua mbili. Jina pia halitaji, alimbunia lake: Mwenye Kiti.

"Mama," alisema jioni moja, "mwambie Mwenye Kiti kila akitoka nje anywe kikombe cha maji yenye chumvi na sukari. Na mwambie Ijumaa nampima. Akiwa amepungua tena, namrudisha hospitali."

"Mwambie huyo msichana asiyesema kwamba nimemsikia," mzee akajibu. "Na mwambie sirudi. Wakinitaka waje na jeneza." Kisha akageuka ukutani, akaniomba mtindi wa kiriba.

Hapo mimi nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kiriba chetu ni cha ngozi ya mbuzi, kimetundikwa nyuma ya mlango, chini kidogo, ili kila anayeingia akipige teke. Ndivyo mtindi wetu unavyokorogwa: kwa miguu ya wageni. Nyumba isiyo na wageni mtindi wake ni mzito na wa uvivu. Ndani ya kiriba ndimo zinamokaa mbegu. Ukizitoa na kuziweka kiganjani utadhani ni wali ulioshikamana, au vichwa vidogo vya koliflawa, vyeupe, vinavyodunda kidogo ukivibonyeza. Unazitilia maziwa, zinakula; kesho yake maziwa yamekuwa mtindi unaochoma ulimi na kutoa povu, na mbegu zenyewe zimenenepa na kuzaana. Hazifi kwa uzee. Hizi zetu mama mkwe wangu alizikausha akazishona kwenye pindo la gauni mwaka taifa letu zima lilipohamishwa kwa nguvu, akakaa nazo kule nyika za mbali miaka kumi na minne, akarudi nazo. Yeye alizika watoto wawili huko. Mbegu zilirudi hai.

Nami nilikuwa nimeziua.

Mzee alipokuwa hospitalini, ng'ombe wetu Maral alivimba kiwele. Daktari wa mifugo akaja, akamtia dawa chuchu moja moja, akaniambia maziwa ya siku tano nimwage. Kumwaga maziwa chini! Nililelewa kwamba hata tone likidondoka unalifunika kwa udongo na kuomba radhi. Siku ya pili nikayamimina kwenye kiriba. Nilijisemea, mbegu zilizoishinda nyika zitashindwa na sindano ya ng'ombe? Siku tatu maziwa hayakuchacha. Yalikaa tu, yana harufu kama ya unga uliolowa. Nilipozitoa mbegu zilikuwa za kunata, zikamumunyuka vidoleni kama karatasi iliyoloa. Niliziosha, nikazipa maziwa mazuri wiki nzima. Hazikuamka.

Nilimwambia Zuriyat pembeni ya jiko, kwa sauti ya chini, nikitegemea kufokewa. Hakunifokea. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau.

"Mama, dawa aliyotiwa Maral na dawa aliyodungwa Mwenye Kiti ni ndugu. Tumboni mwa mtu kuna vijidudu wema wengi kuliko nyota, wanamsaidia kusaga chakula na kuwafukuza wabaya. Dawa haikuchagua. Iliua waliokuwa kifuani, ikaua na hao."

Basi nikaliona tumbo la mzee wangu kama mtu anayeangalia dirishani. Nilikuwa nimelishika vidoleni, pamoja na zile mbegu zilizomumunyuka.

Nikamuuliza kama mtindi ungewarudisha. Zuriyat hasemi uongo kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Alisema mtindi hautibu kila tumbo. Wengine huwasaidia sana, wengine kidogo. Vijidudu wake hawahamii kabisa, wanapita kama wageni, baada ya siku chache wamekwenda. Lakini wanapopita wanatia uchachu ambao wabaya hawaupendi, wanawabana nafasi, mpaka wenyeji wa tumbo wajikusanye tena. Ndiyo maana ni kila siku, si mara moja. Alikuwa amemuuliza na daktari wa mjini, akamwambia ajaribu, aanze na kidogo. Alikuwa hata amenunua chupa ya mtindi dukani. Mzee alionja akasema ni chokaa, akaifunika kwa kofia yake asiione.

Kijijini kwetu karibu wote siku hizi hununua huo wa chupa. Mbegu zilikuwa zimebaki nyumba mbili, yangu, na ng'ambo ya kijito kwa Kemisat.

Lazima nieleze hapa. Mbegu za mtindi kwetu hazinunuliwi, haziombwi wala hazitolewi. Ukimpa mtu mkononi, zake hazina nguvu na zako zinadhoofika. Anayezihitaji huja kuziiba, na mwenye nyumba hutazama pembeni. Ndiyo adabu yenyewe. Na mimi, miaka arobaini iliyopita, bi harusi wa miezi miwili, nilimkuta Kemisat mkono wake umo kwenye kiriba chetu, nikapiga kelele za mwizi. Majirani walikuja. Mama yake mkwe alikuja. Kemisat alipita katikati yao na mbegu ndani ya mkono wa gauni, uso unawaka, na tangu siku hiyo hajapiga teke kiriba chetu.

Alhamisi asubuhi mkanda ulitaka tundu la nne. Nilimaliza kukamua, nikaficha bakuli la mti chini ya shali, nikavuka daraja la mbao mbili taratibu kwa ajili ya magoti yangu.

Kemisat alikuwa barazani anachana sufu. Aliniona. Mwizi haamkii, kwa hiyo sikumwamkia. Aliitazama shali yangu pale bakuli lilipotokeza, akatazama muda mrefu, na moyo wangu uliniambia sasa atapiga kelele, na ana haki. Kisha akainuka, akakigeuza kigoda chake kikaelekea ukuta, akaketi.

"Paka," akamwambia paka wake, "leo nitachana sufu nikitazama ukuta. Ukuta mzuri huu, siku nyingi sijautazama. Nitahesabu mpaka mia mbili, maana wezi wa siku hizi wana magoti mabovu."

Niliingia. Mtungi wa kioo ulikuwa dirishani, umefunikwa kitambaa na kisahani, na kando yake kijiko cha mti kimewekwa tayari. Mbegu zake zilikuwa nono. Nilizijua mara moja, zilikuwa wajukuu wa zile zangu, na nilisimama kuzistaajabia kama mtu aliyekutana na damu yake ugenini. Nikachota kijiko kimoja, nikachota cha pili. Nikagonga kisahani kwa kiwiko, kikaanguka sakafuni na kuzunguka huko na kelele zake zote.

"Mia na ishirini," Kemisat akasema nje, sauti juu. "Paka, una kishindo wewe. Zamani hapa kijijini palikuwa na bi harusi ambaye angesikia hivyo angepiga mayowe mpaka malishoni. Mimi sikulelewa hivyo."

Ningeweza kuondoka. Nilisimama mlangoni, nyuma yake, bakuli mkononi. Mwizi na mwenye mali hawasemezani, lakini paka alikuwepo.

"Paka," nikasema, "mwambie mwenye nyumba kwamba yule bi harusi alikosa. Mdomo ulimtangulia akili. Mwambie ameishi na aibu hiyo miaka arobaini."

Paka alijilamba.

"Mia na hamsini," Kemisat akasema, safari hii polepole. "Paka, mwambie mwizi achote na cha tatu. Tumbo la mwanamume ni shimo."

Kwa kuwa alimwambia paka, haikuwa kupewa. Nikachota.

Maziwa ya Maral yalikuwa yamekwisha kuwa safi. Ijumaa Zuriyat alimpima mzee akakuta amepungua nusu kilo. Akafungua mdomo, akauona mtungi mpya karibu na jiko una mapovu, akafunga mdomo. "Mama, mwambie Mwenye Kiti ana mpaka Jumatatu." Siku ile mzee alikunywa vijiko vitatu vya mtindi, kesho yake nusu kikombe. Jumatatu alikaa mpaka mwisho wa chakula, jasho likimtoka kwa hofu, na hakuinuka. Mizani ilikuwa palepale. Wiki iliyofuata tulirudi nyuma tundu moja la mkanda.

Zuriyat anasema maji ya chumvi yalisaidia, na siku zenyewe zilisaidia. Nakubali, kila mmoja nampa sifa yake. Lakini wale wageni wadogo wasioonekana nawapa kubwa zaidi, walioingia kwenye nyumba iliyofagiwa wakawasha moto.

Mzee alipoweza kutembea hadi msikitini, alimletea Zuriyat kitambaa cha hariri. "Sasa sema mwenyewe," akamwambia.

"Baba," akasema Zuriyat, neno lake la kwanza kwake, "kikombe kimoja, si viwili. Nakuona."

"Nilikuwa na utulivu," mzee akanilalamikia.

Mbegu nilizirudisha kwenye kiriba. Siku moja kabla ya adhuhuri mlango ulifunguka bila hodi, na kabla sijaona uso nilisikia teke, zito, la mtu aliyelihifadhi muda mrefu. Kiriba kilipiga ukuta na kurudi. Kemisat alikuwa amesimama kizingitini, ameshika kiuno, anakisikiliza kinavyochemka ndani.

Nilikigeuza kigoda changu, nikatazama ukuta, nikaanza kuhesabu.