Godoro Lisilotikisika

Glasi ya maji ilisimama upande mmoja wa godoro. Upande wa pili kijana muuzaji aliweka goti, akajirusha, akajirusha tena. Maji hayakumwagika. Hayakutikisika hata kidogo. Lennox, ndivyo kijana alivyojitambulisha, aliinua mikono kama mtu aliyemaliza mazingaombwe, akamgeukia mteja wake.

"Umeona, Mama? Hii ndio ile ya hoteli kabisa. Mmoja akigeuka, mwenzake hajui. Hata aamke aende job, hajui."

Seline Kavetsa alikuwa ameona. Magodoro ya namna hiyo aliyajua sana, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyatandika katika hoteli moja hapa Eldoret mjini, tangu binti yake Lorraine akiwa darasa la kwanza hadi sasa Lorraine ana kazi yake Nairobi. Alijua kuyazungusha, upande wa kichwa ukawa wa miguu, ili yasibonyee. Alijua kuvuta shuka na kuichomeka pembeni mpaka kitanda kikakaza kama ngozi ya ngoma. Jambo moja tu hakulijua, nalo ni kuyalalia. Mfanyakazi akikutwa ameketi kwenye kitanda cha mgeni, anaambiwa akachukue mkoba wake aende. Kwa hiyo Lennox alipomwomba alale kidogo ajaribu, tena avue tu viatu asione haya, Seline aliangalia mlangoni kwanza, kisha akabonyeza godoro kwa kiganja na kusema linatosha.

Alikuwa akimnunulia mumewe. Oluoch alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikafungwa, na huko ndiko walikokutana, yeye Mjaluo wa Siaya, Seline Mmaragoli wa Vihiga, wakapendana kwa Kiswahili cha mashineni na kukifanya lugha ya nyumba yao. Sasa saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo wa Oluoch. Hospitalini daktari alimwita Seline pembeni, akasema dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu, amrudishe mzee nyumbani ahakikishe anastarehe. Mtu mwingine angetoka pale akilia. Seline alilia, ndiyo, lakini alipopangusa macho alikuwa tayari anafikiria kitanda. Kustarehesha watu ndiyo kazi aliyoijua duniani, na ilimuuma kwamba aliwafanyia wageni wote isipokuwa huyu mmoja.

Maana godoro la nyumbani lilikuwa aibu. Walilinunua wakiwa maarusi, sponji tupu, na miaka ilikuwa imelichimba bonde katikati. Ukilala ukingoni, baada ya muda unajikuta bondeni umegongana na mwenzako. Oluoch, enzi za afya yake, alilifanyia mzaha kila mara. Alisema mke wake analaza wageni mawinguni, yeye anamlaza mtaroni. Tangu augue mzaha ulikwisha. Seline akigeuka, godoro zima liligeuka naye, na Oluoch aliguna kwa maumivu. Ikabidi Seline alale amejishikilia ubao wa kitanda ili asimwangukie, na asubuhi anaenda kazini mikono ikiuma.

Bonde lilikuwa na faida moja, ingawa hakuna aliyeiita faida. Sauti ya Oluoch ilikuwa imekwisha, hasa usiku. Akitaka maji, au kugeuzwa, au kusikia tu kwamba hayuko peke yake, alibonyeza godoro kwa ngumi, mara mbili. Godoro lote lilitikisika na Seline akaamka hapo hapo. Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilitokea tu, wakaizoea, na ndiyo maana pale dukani, mbele ya glasi ya maji, haikumjia akilini. Alichokiona ni mgongo wa mumewe ambao hautamgunisha tena. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, akalipa bila kubishana bei, na Lennox akamsifu kwamba Mzee ana bahati.

Godoro lilifika nyumbani kwao, mtaa wa Kapsoya, alasiri kwa pikapu. Jirani yake Linah Jepchirchir, anayefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na kuuzia mtaa maziwa, alikuja kusaidia kulipitisha mlangoni. Alilipapasa akacheka, akasema sasa wageni wa hoteli watahamia hapa. La zamani aliliomba. Alikuwa na mfanyakazi shambani kwao Moiben anayelalia magunia.

Oluoch aliketi kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, akiwatazama wanawake wawili wakilisukuma godoro la ujana wake nje.

"Mnalipeleka wapi?"

"Linaenda Moiben," Seline akamjibu. "Wewe leo unalala kama mgeni wa Nairobi."

Oluoch alitabasamu, maana alimpenda mke wake na aliona alivyofurahi. Seline alitandika kwa ufundi wake wote, shuka nyeupe mpya, pembe zimekunjwa na kuchomekwa ndani, mto umepigwapigwa ukasimama. Kisha akamwinua mumewe, ambaye siku hizo hakuwa mzito kuliko ndoo mbili za maji, akamlaza na kumfunika. Baada ya kitambo kidogo Oluoch akamwita.

"Kavetsa, umenifunga. Miguu haiendi."

Seline alicheka mpaka akakaa chini. Wageni wana nguvu, wanaichomoa shuka kwa teke, hajawahi kufikiria mtu asiye na teke. Akailegeza miguuni, akamkanda vidole, akamwuliza mgongo unasemaje. Mgongo ulikuwa umetulia. Mvua ya jioni ilianza kupiga mabati, na Seline akazima taa mapema akapanda upande wake. Kitanda kilikuwa kipana ghafla. Aligeuka makusudi, akasikiliza. Mumewe hakuguna. Furaha ilimjaa kifuani hata akashindwa kuificha, akacheka peke yake.

"Kavetsa, uko?"

"Niko hapa."

"Sikusikii."

"Ndio kazi ya hii godoro. Lala, Baba Lorraine. Utazoea."

"Haya," akasema. "Nitazoea."

Seline alilala. Alilala kama ambavyo hakuwahi kulala miezi yote hiyo, mikono imelegea, na alipofumbua macho kulikuwa kweupe na ng'ombe wa Linah walikuwa wakilia kwa kucheleweshewa majani. Kitu cha kwanza alichokihisi ni raha. Hilo ndilo ambalo hatajisamehe. Alijinyoosha, akasema asubuhi njema, akasema hata mimi nimelala kama mgeni. Kisha akageuka.

Oluoch alikuwa amelala chali, uso umeelekea upande wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa juu ya godoro kuja kwa Seline, umefika nusu, ngumi imekunjwa. Pale ngumi ilipokuwa shuka ilikuwa imekunjamana. Kwingine kote ilikuwa laini, kama alivyoitandika. Seline ametandua vitanda vingi, shuka huwa haimfichi kitu. Aliuangalia ule mkunjo, akaelewa, akatamani asingeelewa.

Watu walijaa. Waliosikia walimwambia ashukuru, Mzee ameondoka usingizini, hakuteseka, hata uso wake unaonyesha. Lorraine alipofika kutoka Nairobi alimkumbatia akamwambia, "Mum, angalau alikufa kwa kitanda poa. Wewe ndio ulimpea hiyo." Seline aliitikia kwa kichwa. Alimwitikia kila mmoja. Walimzika Siaya, kwenye udongo mwekundu kando ya baba yake, na hakuna hata mtu mmoja aliyeambiwa kuhusu ngumi.

Aliporudi kazini alifanya kama zamani, akazungusha magodoro, akapiga mito. Ila shuka za miguuni aliacha kuzichomeka. Msimamizi wake, Virginia, alipita akaona kitanda kimoja, kisha cha pili na cha tatu, akamwuliza kwa upole kama ameanza kusahau. Seline alisema amesahau, akarudi kuzichomeka zote. Machozi yalimtoka akichomeka, na Virginia akafunga mlango ili mgeni asione.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda kugonga kwa Linah. Linah aliacha kukamua, akamletea stuli. Seline akauliza kama lile godoro lilishafika Moiben.

"Halikuenda, Mama Lorraine," Linah akasema. "Asubuhi ile niliposikia Mzee ameenda, nilishindwa kulipeleka. Liko kwa stoo. Nilikuwa naogopa kukuuliza."

Walilibeba wawili, bila mzaha safari hii, na lilikuwa na harufu ya majani makavu. Lile la hoteli walilisimamisha ukutani. Linah alitaka kumsaidia kutandika, lakini Seline alisema hatatandika, akamshukuru kwa maziwa ya siku zote za matanga, akamsindikiza hadi mlangoni.

Jua la saa tisa lilikuwa limeingia kwa dirisha. Seline alivua viatu, akalala ukingoni, mahali pake, akajishikilia ubao kama alivyozoea. Alijishikilia mpaka mikono ikaanza kuuma. Halafu akaachia. Godoro lilimchukua polepole, likamshusha bondeni, na huko chini hakugongana na mtu.

Kisha akakunja ngumi, akabonyeza mara mbili, na godoro lote likatikisika mpaka ukingoni.