Taya la Inaq Rumenah

Daktari Sukerti alimfuta Inaq Rumenah mashavu kwa pamba yenye spiriti, akambandika vibandiko vyenye nyaya juu ya misuli ya mashavu na kwenye panja, kushoto na kulia. Kisha akamgandishia kisumaku kidogo chini ya meno ya mbele, ili mashine ijue taya linaelekea wapi. Ilikuwa asubuhi katika kliniki ya meno mjini Mataram, na nje kwenye benchi watu walikuwa wanabishana nani alitangulia kufika.

"Fungua mdomo, Inaq. Polepole."

Inaq ni mama kwa lugha ya huko, na Rumenah ndiye binti aliyempa jina hilo. Akafungua. Kiungo cha taya kikalia ka, kama ganda la karanga.

"Ndicho hicho kinachouma," akasema. "Nyumbani kikilia hivyo paka anatoka mbio."

"Sasa funga. Midomo ikutane, meno yasikutane. Usifanye chochote, pumzika tu."

Inaq Rumenah akapumzika. Mistari kwenye skrini ilipaswa kutulia kama maji ya mtungini. Ikatulia kidogo, halafu ule wa kushoto ukaamka, ukaanza kupanda na kushuka vilima. Taya lilikuwa linatafuna. Mdomoni hamkuwa na kitu.

"Unatafuna, Inaq."

"Si mimi, ni Rumenah. Saa hizi tajiri yake huwa ameenda sokoni."

Daktari Sukerti akasogeza kiti. Alikuwa mtu wa kupenda kujua, hata bei ya vitunguu asivyonunua aliiuliza.

"Rumenah yuko wapi?"

"Kuala Lumpur, anafanya kazi za ndani. Alipokuwa mchanga nilimtafunia wali, kama ulivyotafuniwa wewe."

"Mimi nilisagiwa kwa mashine."

"Ndiyo maana umeishia kwenye mashine. Basi, ziwa nilimwachisha, lakini kutafuniwa sikumwachisha. Mwaka ule surua iliingia kijijini, nikashikwa na mengine, nikasahau. Mpaka leo akila, taya langu ndilo linalofanya kazi. Alipokuwa nyumbani halikunisumbua, kwa sababu tulikuwa tunakula pamoja."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Jambo lilikuwa na mantiki yake.

"Haya, kitendawili," akasema Inaq Rumenah, maana alikuwa hawezi kukaa kitini bure.

"Tega."

"Kinu kiko hapa, mtwangaji yuko ng'ambo."

"Taya lako."

"Aa, umepata. Nilishaanza kuchagua mji wa kukudai."

"Na kwa nini upande wa kushoto tu? Meno yako yote mazima."

"Yangu mazima. Yeye aling'olewa gego la kulia."

Daktari akaitazama tena ile milima. Ilikuwa myembamba, yenye ncha, na kila mmoja ulianza kwa kukazana, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama.

"Anakula nini huko?"

"Wali na kuku. Kila akipiga simu anasema, 'Nimekula, Inaq, nimeshiba.'"

Taya lilipotulia, Daktari akaagiza wali na kuku kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Inaq Rumenah akala wali: vilima vifupi, vya mviringo. Akala kuku: vilima virefu vilivyolegea. Akapewa biskuti, nayo ikachora vichuguu tu. Hakuna kilichofanana na ile milima.

"Ni kitu kikavu," akasema Daktari, "kinachoanza kwa kukataa."

Inaq Rumenah akafuta midomo. Halafu akasema, "Mwambie mwenye kibanda akwangue sufuria."

Wakaletewa ukoko kwenye karatasi. Akautafuna upande wa kushoto, na milima ikainuka kwenye skrini, myembamba, yenye ncha, ikafanana na ile ya kwanza mmoja baada ya mwingine. Watu wawili hao wakaitazama.

Akapewa kisanduku cha kuvaa kiunoni, akaenda nacho nyumbani na nyaya zake shavuni. Majirani wakamwuliza kama sasa anashika redio. Alipokirudisha, kilionyesha milo yake mwenyewe, na kati yake mlo mwingine mmoja tu kila siku, mfupi, wa haraka, wakati wa soko. Jioni za Rumenah zilikuwa mstari uliolala.

Daktari akamtengenezea kifuniko cha meno cha plastiki angavu. "Kivae, misuli ipumzike. Usipokivaa, siku moja taya litajifunga na halitafunguka."

Akakivaa, na maumivu yakapungua. Siku ya pili Rumenah akapiga simu kusema leo hajisikii kula, kama kinywa kimezibwa. Ukoko hakuutaja, wala mama yake hakumwuliza. Kuanzia hapo, wakati wa soko ukifika, Inaq Rumenah akawa anakitoa kifuniko na kukiweka kwenye kikombe cha maji.

Karatasi ya milima aliyochapiwa na Daktari akaipeleka kwa Haji Sapoan, wakala aliyemsafirisha Rumenah. Alimkuta anakula karanga. Haji akaigeuza karatasi juu chini, akaitazama kwa mbali.

"Mama, hii ni ya taya la nani?"

"Langu."

"Basi. Ni lako, si lake. Mkataba unasema chakula kipo."

"Kipo ukoko, Haji."

"Ukoko si chakula? Mimi mwenyewe naupenda." Akatupa karanga nyingine mdomoni.

Inaq Rumenah alimtazama anavyotafuna. Taya la Haji lilikwenda sawasawa, pande zote mbili, bila kulia, kama Daktari anavyotaka. Akaikunja karatasi yake, akaaga.

Kesho yake alipika plecing, ile mboga ya majini ya pilipili na ndimu aliyoipenda Rumenah. Akaketi kizingitini na sahani mapajani. Taya lilipoanza kwenda peke yake, alitia tonge la plecing mdomoni, upande wa kushoto, akaliacha taya liendelee na kazi yake.

Simu ikalia baadaye, tajiri akiwa bado hajarudi.

"Inaq, leo umepika plecing?"

"Imekufikia?"

"Mpaka ndimu. Ukoko wote nimeumaliza, pua inachuruzika."

"Ungenusa jikoni hapa ungelia kabisa. Umeshiba?"

Ndani ya simu, kwa mbali, lilisikika lori la taka likirudi nyuma kwenye mtaa wa ugenini.

"Hapana, Inaq," akasema Rumenah.

Inaq Rumenah akasugua shavu lake la kushoto, lililokuwa linawaka moto.

"Kesho tutakula samaki," akasema.

"Wa kuchoma?"

"Wa kuchoma. Ila utafune polepole."