Shuka la Siku ya Sabato

Sajini wa Kituruki, shaushi kama walivyomwita, alikuwa amekikalia kiti cha marehemu baba yake Hinda, anakula maharage yaliyolala jikoni tangu Ijumaa. Askari wake wawili walijibanza nyuma ya zizi. Hinda alisimama mlangoni, akatoka, akarudi tena.

Waliyemvizia, kaka yake Zelig, alikuwa njiani. Alikwenda pwani kuipelekea meli ya Waingereza habari za jeshi la Waturuki, na mchana huu angerudi kupitia mizabibuni. Tangu njiwa wao mmoja wa kupeleka barua aanguke mikononi mwa Waturuki na habari mguuni, walipatana ishara: akiona shuka jeupe kambani, asisogee. Kamba ilikuwa tupu. Siku ile walipopatana, hakuna aliyeikumbuka Sabato, siku ambayo Myahudi hafui hata leso. Na leo ilikuwa Sabato.

"Mbona hutulii, binti?" shaushi aliuliza, akilamba kijiko. "Umekanyaga siafu?"

"Ni joto, efendi."

"Joto! Nimekaa nanyi miaka miwili. Sabato mnalala kama paka walioshiba."

Basi huyu anazijua desturi zao. Hinda akianika shuka, ataelewa papo hapo. Asipoanika, Zelig atanyongwa.

Ndipo aliposikia maji yakimwagika uani. Mama yake, Frumet, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwasha hata mshumaa siku ya Sabato, alikuwa amelizamisha shuka kwenye hori la ng'ombe, analikamua.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si nafua? Leo Jumatatu."

Watu waliokuwa wakitoka sinagogini walisimama barabarani.

"Frumet! Sabato hii!" alipiga kelele jirani yao Getzel. "Umerogwa?"

"Urogwe wewe na hizo ndevu zako za beberu! Nyumba ina mgeni, alalie shuka chafu?"

Shaushi alitoka, kijiko mkononi, macho ameyakaza. Hinda akamkimbilia mama yake na kumshika mabega.

"Aibu gani hii, mama! Tangu asubuhi ananiita jina la marehemu shangazi, efendi. Akili zimemruka." Machozi yalimtoka yenyewe.

Mama akamfuta uso kwa kiganja kibichi, akamnong'oneza: "Roho ya mtu hutangulia Sabato. Endelea kunitukana."

Hinda akaendelea, huku mama akilitandaza shuka kambani taratibu. Kule mizabibuni kware waliruka ghafla. Kisha wengine wakaruka mbali zaidi, upande wa baharini. Mtu alikuwa anarudi alikotoka.

Shaushi hakuwatazama kware. Alikuwa akimtazama bibi kizee.

"Kichaa cha kweli hakiji siku moja tu kikaisha. Tutaona Sabato ijayo," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Sabato iliyofuata shaushi alikuja mapema, akakaa palepale. Frumet alimtazama, akatoka uani. Watoto wa jirani walishaanza kucheka. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kwa sala, lakini mikono ilizamisha shuka majini.